Kesho Wasiniandike

Anti Ndinda,

Kuna jambo sijamwambia mtu. Si Mama, si mchungaji, si hata Nduku wa dawati langu, ambaye mimi humwambia karibu kila kitu kwa sababu sikio lake la upande wangu halisikii vizuri. Jambo lenyewe ni hili: ile jioni yako ya mwisho, Mama alipotoka kwenda kuanua nguo, wewe uliniambia maneno, na mimi nimeyakalia tangu Aprili kama kuku anayeatamia.

Nimekaa kitandani kwangu. Chako kiko pale ng'ambo, hatua mbili tu, kimetandikwa. Karatasi hii iko juu ya kitabu cha Kemia, na kitabu kingine kiko tayari kuifunika. Nimeshaifunika mara kadhaa leo na hakuna mtu aliyekuja. Ni mlango tu, unajua vile huu mlango wetu hujisukuma kukiwa na upepo. Lakini leo hakuna upepo.

Nilianza kukuandikia kwa Kiingereza, ikatoka kama barua ya kuomba kazi. Kikamba changu unakijua, ni cha kuombea chai tu. Kwa hivyo Kiswahili.

Nilidhani nitakueleza yaliyobadilika tangu ulipoondoka. Shida ni kwamba hapa hakuna kilichobadilika, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Mama hubadilisha shuka zako kila Jumamosi. Huvua zilizo safi akatandika zilizo safi. Kikombe chako cha bati, kile cha ua la buluu, hutoka kabatini asubuhi, kikawekwa mezani, kikarudi kabatini kikiwa kikavu. Slipa zako nyekundu ziko mlangoni, vidole vikitazama ndani. Ile pembe yako ya sofa karibu na dirisha hakuna anayeikalia. Juzi mtoto wa Mama Kevo wa mlango wa pili alikuja kuomba chumvi, akajitupa hapo, na Mama akamshika mabega akamwinua taratibu, bila kumgombeza, kama mtu anavyoondoa glasi iliyo ukingoni mwa meza. Mtoto hakulia. Alitutazama tu, mimi na Mama, halafu akatazama ile pembe, akatoka kinyumenyume. Chumvi akaisahau.

Na simu yako. Mama huichaji. Huinunulia bando, Anti. Kila saa kumi na moja asubuhi kengele yako bado inalia, ile uliyoitega kwa sababu ya mechi.

Nafafanua sasa, ingawa wewe unajua yote. Ninajikuta naandika kana kwamba kuna mtu mwingine atakayesoma.

Besiboli ya ule upande wa magharibi wa Amerika huanza jioni yao, na jioni yao ni alfajiri yetu. Mimi nikifunga tai ya shule, wewe ukipasha mafuta ya nywele juu ya sufuria ya chai, kule mtu amesimama chini ya taa kali anarusha mpira. Nilikuuliza siku moja kama ni leo au ni jana kule. Ukasema, "Kwao bado ni jana, Mwende. Sisi tumetangulia. Tunawaona kutoka kesho." Ukacheka, na mimi nikacheka, na baadaye darasani nikashikwa na baridi nikifikiria hilo.

Mama hakuupenda huo mchezo. "Watu wazima wanapiga hewa na rungu," alikuwa akisema, akipita kati yetu na simu makusudi. Lakini wewe ulicheza raunda ukiwa shule kule Kangundo, na ukasema ni ile ile, "raunda iliyoenda shule." Mama Shiro, mnayesuka naye nywele Kenyatta Market, hakukubali.

"Raunda gani hii? Sisi tulikuwa tunakimbia. Hawa wamesimama kama watu wanangoja maji ya kanjo."

"Wanangoja mpira."

"Na huyo anajikuna, pia anangoja mpira?"

Mteja aliyekuwa katikati yenu, kichwa kimeshikwa na watu wanne, akaomba mumwachilie kidogo ageuke aone anayejikuna. Ukamwambia, "Kaa hivyo hivyo. Ukigeuka, laini itapinda kama barabara ya Riruta, halafu useme ni Ndinda."

Wewe hukujali sana nani ameshinda. Ulipenda rekodi. Ulizihifadhi kichwani kama mtu anavyohifadhi zaburi. Na juu ya zote uliweka mchezo kamili. Wapigaji ishirini na saba wanakuja mmoja mmoja, na mrushaji anawarudisha wote walikotoka, hakuna hata mmoja anayefika besi ya kwanza, kile kituo cha kwanza cha kukimbilia. Zaidi ya miaka mia moja ya ligi ile kubwa, na mara ambazo umetokea hazifiki thelathini.

Mimi nilipenda mwiko wake. Mrushaji akishaanza kuukaribia, wenzake hawautaji. Hawamwambii "unaendelea vizuri." Hawamsemeshi kabisa. Kwenye benchi wanasogea, wanamwachia nafasi pande zote, anakaa peke yake kama mtu mwenye ugonjwa. Anajua, wanajua, uwanja mzima unajua, na hakuna anayesema. Ukisema, unavunja.

"Hawa ni Wakamba," ulisema. "Susu, nyanya yako, hahesabu mbuzi wake kwa sauti. Ukimuuliza ni wangapi, anakwambia 'wapo.'"

Unakumbuka ile jioni tulipouona mmoja, mechi iliyochezwa mchana wao? Mlikuwa mnamalizia mteja wa mwisho, simu imeegemezwa kwenye kopo la jeli. Ghafla ukaweka kitana juu ya midomo yako, ukatutazama wote. Tukanyamaza. Hata yule msichana wa nje anayewavuta wateja, "mrembo kuja nikusuke," akanyamaza bila kujua sababu. Moshi wa nyama choma ukaingia na hakuna aliyekohoa.

"Kwani kuna nini?" mteja akauliza.

"Hakuna kitu," ukajibu.

Mama Shiro akanong'ona, "Aki hata mimi sasa naogopa, na sijui naogopa nini."

Mtu wa ishirini na saba akapiga hewa. Ukaketi juu ya debe la maji, ukafuta macho kwa mkono wenye jeli, ukasema, "Sasa semeni." Na tukasema sote pamoja, kwa fujo, hata waliokuwa hawajui tunasema nini.

Ulipougua na dawa zikaanza kukubali, uliuleta mwiko huo nyumbani. Ulituketisha, mimi na Mama. Ukasema hapa sasa ni benchi. Hakuna kusema nimepata nafuu, hakuna kusema uvimbe umepungua. Mama akauliza, "Sasa nitakusalimia aje?" Ukasema, "Sema 'sasa', nami niseme 'poa', tunywe chai."

Nilidhani Mama atacheka. Kumbe yeye ndiye aliyeushika kuliko sote. Alikuwa akikutazama ukipanda ngazi bila kupumzika, uso wake unajaa, anageukia sufuria. Nilimwona akiuma upande wa leso yake.

Halafu ile Jumapili. Nimeirudia kichwani mara nyingi sana. Mchungaji akauliza ni nani ana ushuhuda, na Mama, ambaye hajawahi kushika kipaza sauti maishani mwake, akasimama. Akaenda mbele. Akasema, "Dada yangu amepona." Kanisa zima likasema amina, mtu akapiga kigelegele. Nilikutazama. Ulikuwa unatabasamu, lakini macho yako yalikuwa sakafuni, na mkono wako ulitafuta wangu ukaukamata, na ulikuwa baridi kama bomba.

Njiani kurudi ulisema tu kwamba mahindi ya mwaka huu yamenenepa.

Maumivu yalirudi kabla ya Jumapili nyingine. Mama aliacha kuimba akifua. Usiku mmoja nilipita mlangoni kwake nikasikia anaomba, na hakuwa anaomba upone. Alikuwa anaomba asamehewe mdomo wake.

Hapo ndipo nilipopaswa kuingia nimwambie si kosa lake. Lakini unanijua. Mama Shiro husema hata nyanya mimi hununua kwa kuonyesha kidole.

Asubuhi uliyotutoka kulikuwa na mvua ya Aprili. Simu yako ilikuwa pale kwenye mto, sauti umeizima, mechi inaendelea. Mama alikuwa amekushika mkono, anakuita jina, jina, jina. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni, na macho yangu, sijui kwa nini, yakaenda kwenye simu. Kule bado ilikuwa jioni ya jana. Watu walikuwa wanakula karanga. Nikafikiri: kule bado hajafa. Kuna mahali, chini ya zile taa, ambapo Anti bado ana usiku mzima.

Sijalitoa hilo wazo kichwani tangu siku ile.

Tuliporudi kutoka Kangundo kukuzika, Mama alivua viatu mlangoni, akaziona slipa zako. Akasimama muda. Akasema, bila kunigeukia, "Usiseme kitu."

Sikusema. Na kitanda chako kikaanza kulia.

Kengele ya simu inalia saa kumi na moja, inanyamaza, halafu naisikia ile spring ya upande wa ukuta, ile uliyokuwa ukiikalia ukitafuta slipa gizani. Ngiiii, kisha kimya. Mara ya kwanza niliingiza shuka mdomoni. Mwanga hafifu wa buluu ulikuwa ukutani, na kivuli cha kichwa kilichofungwa kitambaa, namna yako, fundo kwa mbele. Nililala nikiwa macho mpaka kukapambazuka. Nilipogeuka, hakukuwa na mtu, na kitanda kilikuwa kimenyooshwa.

Nilikaa na hofu hiyo wiki nzima. Halafu, Anti, nikaanza kuipenda. Nikaanza kuamka kabla ya kengele ili nisikukose. Nikaanza kukuambia mambo kimoyomoyo, matokeo ya mtihani, yule mvulana wa kwaya. Na nikajua jambo moja kwa hakika: uko hapa kwa sababu hakuna aliyesema. Tukisema, utavunjika.

Asubuhi moja nikafungua macho sawasawa. Alikuwa Mama. Amekaa kitandani kwako, kitambaa chako kichwani, simu yako mapajani, anaangalia watu wazima wakipiga hewa. Midomo yake ilikuwa inasonga. Nadhani alikuwa anahesabu wapigaji, na mahali pengine alikosea akaanza upya. Nikafumba macho. Tangu hapo amekuja kila siku, na mimi nimejifanya kulala kila siku, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtajia mwenzake. Tumekuwa hodari sana kwa hili. Ingekuwa ligi, tungekuwa na rekodi.

Ningeweza kuishi hivyo. Nakuapia. Lakini likizo hii ya Agosti nilifuatana naye Kenyatta Market, nikaona anakoelekea.

Bado anafungua kibanda chako. Hasuki. Anapanguza kioo, anapanga vitana, anakaa kwenye debe lako la maji. Mama Shiro na wenzake wanasukia nje, wamesogeza viti vyao mbali kidogo, pande zote. Wamemwachia nafasi. Nilipoiona hiyo nafasi nikakumbuka lile benchi.

Akaja yule mteja wako wa Muthangari, mrefu, anayependa nyuzi nyembamba. Amefumua nywele, amezifunika skafu.

"Habari za hapa. Ndinda yuko wapi?"

Mama Shiro akajifanya anatafuta uzi.

"Aliniandikia jana. Nimemuuliza uko Jumamosi, akasema niko."

Akageuza simu yake tuone. Lilikuwa pale, kutoka nambari yako. *Niko.* Na juu yake, za wiki zilizopita: *Niko. Niko. Niko wiki ijayo.*

Mama akasema, "Anakuja."

Alilisema polepole, vizuri, kama unavyomwambia mtu kwamba chai iko jikoni. Yule mteja akaketi kungoja. Alingoja, Anti. Akamtazama Mama. Akatazama vitana, ambavyo havikuwa na unywele hata mmoja. Akamtazama Mama Shiro, na Mama Shiro akatazama chini. Halafu nikaona uso wa yule mteja ukielewa. Akafunga skafu yake upya, akainuka, akamgusa Mama begani kidogo tu, na akaenda na nywele zake vile vile.

Mama Shiro alinivuta mpaka nyuma ya jiko la nyama.

"Wewe. Nisikize. Mimi nilikuja Kangundo, nikatupa mchanga na hii mkono. Lakini nikimwambia mama yako kitu, atafunga hiyo mlango na hatatoka ndani. Mtu wa kumwambia ni wewe."

"Mimi sijui kuongea."

"Najua. Kwani nimesema uhutubie? Mama yako anapotea, Mwende. Ndinda alienda mara moja. Huyu anaenda kidogo kidogo, na tunamwangalia."

Niliporudi, Mama alikuwa anajitazama kwenye kioo chako, ameshika kitana juu ya midomo.

Alhamisi iliyopita akaenda kwa Susu. Nilibaki peke yangu, Mama Kevo ananichungulia mara kwa mara. Simu yako Mama aliiacha kwenye chaja. Nilijiambia kesho nitalala mpaka jua litoke, kwa sababu sasa najua ni nani, na huyo nani yuko Kangundo.

Kengele ikalia saa kumi na moja. Ikanyamaza.

Ngiiii.

Sitakueleza jinsi nilivyojisikia. Wewe unajua kama ulikuwepo, na kama hukuwepo basi hakuna neno. Nilikaa na mgongo ukutani mpaka nikaweza kuona rangi ya pazia. Blanketi lako lilikuwa limebonyea pale ukingoni. Labda Mama alilikalia kabla ya kusafiri, labda hakulinyoosha. Yeye hulinyoosha siku zote.

Nilivuka zile hatua mbili, nikachukua simu, nikafungua mechi, nikarudi haraka kwangu. Nikaiegemeza katikati, ili sote tuone. Nje ukungu, ndani baridi ya Agosti, na kule jioni ya jana. Kijana mwembamba alikuwa anarusha. Sikufuatilia mwanzoni. Kulipokucha kabisa nikagundua kwamba wenzake benchini wamesogea mbali naye. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amefika besi. Mtangazaji wa mechi alikuwa anaongea kuhusu hali ya hewa, anazunguka, anazunguka, kama mtu aliye na maiti chumbani na wageni sebuleni.

Na mimi, ambaye sisemi kitu, nikafungua mdomo. Sikupanga. Nikasema kwa sauti, nikikitazama kitanda chako, "Anti, ana mchezo kamili."

Mpigaji aliyefuata akaupiga mpira ukapita katikati ya watu wawili, ukabingirika kwenye nyasi, naye akafika besi.

Nilingoja jambo baya. Nilingoja dari lianguke. Unajua kilichotokea? Uwanja mzima ukasimama ukampigia yule kijana makofi. Kocha wake akatoka akamfuata, akamwekea mkono shingoni. Wenzake wakamzunguka, wanamsemesha, wanamgusa, mmoja akamvuta kofia. Alikuwa amepoteza, na ndio kwanza alikuwa na watu tena.

Kitanda hakikulia. Nilipotazama, blanketi lilikuwa limebonyea vile vile, lakini sasa lilikuwa blanketi tu.

Hapo ndipo nilipolia. Miezi hii yote nilikuwa sijalia, ningelia ningekuwa nimesema.

Sasa maneno yako. Nitayaandika kama ulivyoyasema, hayataingia tena chini ya kitabu.

Ulikuwa umelala chali. Mama alikuwa nje, tulisikia vibanio vya nguo vikianguka kwenye beseni. Ukasema, "Mwende, kesho wasiniandike."

Nilielewa papo hapo, kwa sababu uliwahi kunisimulia yule mchezaji aliyecheza zaidi ya mechi elfu mbili na mia sita bila kukosa hata moja, kwa zaidi ya miaka kumi na sita. Kila siku kocha huandika karatasi ya majina ya watakaocheza, na jina lake lilikuwepo kila siku. Na halikukoma kwa kuumia wala kwa kufukuzwa. Jioni moja alimwendea kocha mwenyewe, muda mfupi kabla ya mechi, akamwambia leo usiniandike. Akakaa. Wapinzani walipogundua, walisimama kwenye ngazi za benchi yao wakampigia makofi. Ulikuwa ukisimulia hilo, sauti yako inapungua. Ulisema rekodi zote huvunjwa na mtu mwingine, lakini ile aliifunga mwenyewe, kama mtu anavyofunga duka lake jioni.

Nikakuambia, "Anti, usiseme hivyo."

Ukasema, "Sijashindwa. Nimechoka, nimemwambia Kocha. Na mama yako akianza kujilaumu kwa ule ushuhuda, mwambie habari ya yule refa."

Yule refa. Mama haijui hadithi hii, kwa hivyo nitaiandika. Kulikuwa na mrushaji aliyekuwa amebakisha mtu mmoja tu. Mtu wa ishirini na saba. Akapiga mpira mfupi, wakamtoa, kila mtu aliona ametolewa. Refa akasema amefika besi salama. Mchezo kamili ukaisha hapo, kwa mdomo wa mtu mmoja. Refa alipotazama picha baadaye alijua amekosea, akaomba msamaha, akalia. Na mrushaji? Wakati ule ule uwanjani alitabasamu tu, akarudi kurusha. Kesho yake ndiye aliyetumwa kumpelekea refa karatasi ya majina. Refa akaipokea akifuta machozi, na akampiga yule kijana begani. Ulisema hiyo ndiyo rekodi unayoipenda kuliko zote, na haimo kwenye hesabu yoyote.

Na ukaniambia hili pia: kwamba daktari alikueleza ugonjwa ulikuwa umeshatambaa kabla ya ile Jumapili. Ulijua ukiwa kanisani. Ulijua Mama akiwa na kipaza sauti. "Mdomo wake haukuvunja kitu," ulisema. "Mchezo ulikuwa umevunjika zamani, mimi ndiye nilikuwa nimenyamaza. Lakini nilipenda vile alivyosema. Siku hiyo, kwa dakika moja, nilikuwa nimepona."

Halafu Mama akaingia na nguo zinanuka moshi wa jiko la jirani, na wewe ukamuuliza, "Hizo soksi zimekauka kweli?" Ndiyo maneno yako ya mwisho aliyoyasikia. Huwa namwona amezishika zile soksi.

Nimeyaficha kwa sababu yalikuwa ya mwisho na yalikuwa yangu. Na kwa sababu niliogopa kwamba nikiyatoa, saa kumi na moja itakuwa saa kumi na moja tu.

Itakuwa. Basi iwe.

Anti, geti la ploti limelia. Mama alisema atarudi leo jioni, na sasa ni jioni. Mlango wa nje umefunguka. Amevua viatu. Nasikia begi likiwekwa chini, kisha kimya, ule muda anaosimama pale kila mara.

Sasa nasikia slipa.

Ni zako, Anti. Naijua ile ya kushoto inavyoburuta, imepasuka kisigino. Tangu Aprili hakuna aliyezivaa. Zinakuja polepole kwenye korido. Labda ni Mama, miguu imevimba na safari. Labda ni wewe umekuja kuona kama nitaweza. Vyovyote vile, karatasi nimeiacha wazi juu ya Kemia, na kitabu cha kufunikia nimekisukuma chini ya kitanda, mbali, nisikifikie.

Ninakuahidi hivi: akisoma, sitatoka chumbani. Nitahamia kitandani kwako, pale kwenye spring inayolia, nikae naye bega kwa bega. Kesho nitakunywa chai kwa kikombe cha ua la buluu. Jumamosi nitamwandikia yule mama wa Muthangari kutoka kwenye simu yangu, kwa jina langu, nimwambie ulienda lini. Na siku Mama atakapoweza, tutaangalia mechi na sauti juu.

Pumzika kwenye benchi. Hatukuandiki kesho. Tumesimama kwenye ngazi, Anti, mimi na yeyote aliye mlangoni, na mikono yetu iko tayari.

Kitasa kinazunguka.

Mwende